Hiyo "OG" Unayoinunua Ina Umri Gani?

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mwenye Carina Ti, na maneno ni yaleyale: "Mtaalamu, gari linagonga mbele nikipita kwenye matuta. Fundi anasema bushi za OG zimeisha. Nifunge mpya za dukani, au nitafute used za Japani? Maana nasikia OG hata ikiwa used inaizidi mpya ya Kichina." Kabla yake aliuliza mwenye Noah, kabla ya huyo mwenye Prado, na wenye Mark II ndiyo usiseme. Huyu anauliza bushi, yule shokapu, mwingine hozi za radieta. Yupo hata aliyeuliza taimingi belti. Taimingi belti, jamani! Mtu mzima anatoka nyumbani kwake, anakwenda Ilala, ananunua mkanda wa mpira uliokwisha kuzungushwa na injini asiyoijua, kisha anarudi akijisifu kwamba amepata OG, yaani spea halisi ya kiwanda.

Nitajibu kwa mara ya mwisho, ingawa najua haitakuwa ya mwisho.

Imani hii ina chanzo chake, na tukitaka kuing'oa lazima kwanza tuitendee haki. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wenye magari wametafunwa vya kutosha. Umenunua beringi ndani ya boksi lenye nembo ya Toyota, stika inang'aa, bei imechangamka, na miezi miwili baadaye gurudumu linavuma hadi abiria wa kiti cha nyuma anauliza kuna nini. Ukiiweka beringi hiyo kando ya spea iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, angalau ile ya pili unajua kiwanda kiliifunga chenyewe. Kwenye chuma hoja hiyo ina nguvu. Mimi huwatuma watu wa Dar es Salaam Shaurimoyo bila kusita wakitafuta mlango, kioo, rimu, difu au kiti, na wa Nairobi nawaambia waende Kirinyaga Road kwa shughuli hiyohiyo. Chuma kilichoundwa vizuri mwaka 1998, kama hakikupinda wala kuliwa na kutu, bado ni chuma kizuri.

Balaa huanza pale hoja ya chuma inapohamishiwa kwenye mpira.

Neno OG linakuambia nani alitengeneza. Lini alitengeneza, halisemi, na kwenye mpira hilo la pili ndilo lenye uzito. Tupige hesabu pamoja kwa kutumia gari la muulizaji. Carina Ti ilianza kuundwa mwaka 1996 na Carina zote zikaacha kuundwa mwaka 2001. Kwa hiyo hakuna bushi yoyote duniani iliyofungwa na kiwanda kwenye Carina Ti baada ya mwaka 2001. Anayekuuzia "bushi OG used" ya gari hilo anakuuzia mpira wenye umri wa zaidi ya miaka 20. Na wewe unataka kutoa nini kwenye gari lako? Mpira wenye umri wa zaidi ya miaka 20. Unamlipa muuzaji, unamlipa fundi, unalipia alaimenti, ili utoe mzee uweke mzee mwenzake. Wenye Mark II GX110 wasicheke: sedani yao iliundwa kati ya mwaka 2000 na 2004. IST za toleo la kwanza ziliishia mwaka 2007. Fanya hesabu ya gari lako mwenyewe kabla hujafungua pochi.

Hapo ndipo mtu huniletea jibu analoliona la mwisho: Wajapani wanatunza magari, wana ukaguzi mkali, kwa hiyo spea zao hata zikiwa kuukuu ni kama mpya. Ukaguzi upo, unaitwa shaken, gari jipya dogo hukaguliwa likitimiza miaka 3 na baada ya hapo kila miaka 2. Lakini fikiri kidogo kuhusu gari linaloishia kukatwa vipande. Mwenyewe alipelekewa hesabu ya kulipitisha kwenye ukaguzi unaofuata, pamoja na vitu vya kubadilisha ili lipite, akaona haimlipi. Lililokuwa na hali nzuri liliuzwa likiwa zima, na pengine ndilo unaloliendesha wewe. Spea za kwenye lundo zimetoka kwenye lile ambalo mwenyewe alikataa kuligharimia. Inawezekana mojawapo ilibadilishwa miaka mitatu kabla ya gari kukatwa. Muuzaji hajui, wewe hujui, na mpira haubebi cheti cha kuzaliwa.

Haubebi kwa sababu uzee wake hautokani na kazi peke yake. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamanishwa kwa salfa ili ivutike na kurudi. Oksijeni huingia humo kidogo kidogo na kuongeza mafundo kati ya mnyororo na mnyororo, au kuikata. Mafuta yaliyochanganywa kiwandani ili kuulainisha hupungua. Ozoni hupasua uso wa mpira ulionyooshwa. Joto huharakisha kila kitu, na kanuni ya haraka tunayoitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, kasi ya uzee wa namna hii inakaribia kuzidishwa mara 2. Sasa weka hozi karibu na injini, injini ndani ya boneti, boneti kwenye foleni ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Ndiyo maana sifa ya "imetembea kilomita 60,000 tu" hainisisimui hata kidogo likija suala la mipira. Hozi ya miaka 20 iliyokaa kwenye gari lililotembea kidogo ni hozi ya miaka 20.

Na kuna kipimo cha dukani kinachonikera kuliko vyote. Muuzaji anaishika bushi, anaiminya kwa dole gumba, kisha anakupa na wewe uminye: "Ona mwenyewe kaka, bado ngumu kama jiwe." Mteja anaminya, anaona kweli ngumu, anaridhika. Ndugu yangu, huo ugumu ndio ugonjwa wenyewe!

Angalia bushi ya mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele. Ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na katikati yake mpira uliogandishwa kwa joto kwenye chuma pande zote mbili. Bolti likikazwa, bomba la ndani linabanwa kwenye chesisi na halizunguki. Gurudumu likipanda na kushuka, anayejipinda ni mpira: unasokoteka kidogo, unarudi, unasokoteka, unarudi, maelfu ya mara kwenye barabara ya kokoto. Mpira laini hufanya hivyo bila kulalamika. Ukishakuwa mgumu hauwezi kusokoteka, basi unaachana na chuma. Chukua bisibisi au kipande cha mtarimbo, sukuma bomba la ndani upande mmoja, kisha tazama pale mpira unapokutana na chuma. Utaona mpasuko uliojikunja mfano wa mwezi mwandamo, na ukiingiza ukucha unazama. Mpira mzima una weusi uliopooza. Ukiukandamiza kwa ukucha alama inafutika. Mpira uliozeeka una mng'ao wa kahawia, ukiusugua unaacha unga mweusi kidoleni. Kama unang'aa sana, nusa: kuna wanaoziosha spea kwa dizeli na kuzipaka king'arisho cha matairi ili zipendeze kwenye meza.

"Lakini za dukani hazidumu!" Najua, umeshafunga mpya mara mbili na zote zilikufa ndani ya miezi sita, wakati OG zilikaa miaka 15. Hii ndiyo hoja inayowamaliza watu, kwa sababu wameiona kwa macho yao. Sasa naomba ukumbuke fundi alivyozifunga. Aliliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu, mkono ukawa unaning'inia chini. Akapachika mkono wenye bushi mpya, akakaza bolti hadi mwisho huku mkono ukining'inia vilevile, akarudisha gurudumu, akashusha gari. Gari liliposhuka, mkono ulipanda kwenda mahali pake pa kawaida, na ule mpira uliokwisha kubanwa ukiwa umening'inia ukasokoteka hapohapo. Kuanzia dakika hiyo mpira haukupumzika tena, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaongeza msokoto juu ya msokoto. Bushi hiyo ingekuwa imetoka Nagoya asubuhi ya siku hiyo, ingekufa tu.

Maelekezo ya watengenezaji yanataka bolti za mikono zishikizwe kwanza, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswe kidogo ili litulie, ndipo zikazwe mwisho. Fundi atalalamika kwamba hapafikiki. Kuna shimo la gereji, na kuna mbao imara za kupandishia magurudumu. Kazi hiyo haiongezi hata shilingi kwenye bei ya bushi. Kama utasahau yote niliyoandika, hili usilisahau, na usione haya kusimama pale ukiangalia. Lawama nyingi wanazotupiwa Wachina zilistahili kwenda kwenye spana iliyokaza mapema.

Nikiwa hapohapo: wanaopaka grisi au kumwagia oili bushi inayolia "kwi, kwi" waache. Oili ya petroliamu hupenya kwenye mpira wa asili, ukavimba na kulegea. Kelele inanyamaza wiki moja, fundi anasifiwa, na bushi inazikwa mapema. Bushi zinazochongwa kwa tairi kuukuu nazo hazikugandishwa kwenye chuma chochote, kwa hiyo zinazunguka tunduni na kulipanua, mpaka mkono wenyewe unakuwa chakavu. Sitazitaja tena.

Turudi kwenye taimingi belti, maana bushi ikifa inakugongea tu, mkanda huu ukifa unaweza kukufilisi. Ndani yake kuna nyuzi za kioo zinazobeba mvuto, juu yake mpira, kwenye meno kitambaa. Kwa injini nyingi za Toyota za zama hizo mtengenezaji alipanga ubadilishwe kwenye kilomita 100,000, na Prado za dizeli za Japani zenye injini ya 1KZ zina taa ya kukukumbusha kwenye dashibodi. Taa hiyo inahesabu kilomita, miaka haihesabu. Mkanda uliotolewa kwenye injini iliyokatwa hakuna anayejua ulitembea kiasi gani, na aliyeuvua kwenye puli alivuta, alikunja, alitupa. Kuukunja kwa ukali kunatosha kuvunja nyuzi za ndani bila uso kuonyesha kitu.

Kinachofuata ukikatika kinategemea injini. Kwenye injini za familia ya A zilizofungwa kwenye Carina na Corolla nyingi za miaka ya 1990, kama 4A na 5A, kwa kawaida gari huzima ukatafuta wa kukuvuta. Kwenye 1G yenye VVT-i ya Mark II vali hukutana na pistoni. Kwenye dizeli, 1KZ na 1HZ ya Land Cruiser zikiwemo, nafasi kati ya pistoni na vali ni finyu mno, kwa hiyo tegemea silinda hedi kufunguliwa. Unalinganisha bei ya mkanda mpya na bei ya kufungua injini, halafu unaniuliza kama used inafaa. Haifai. Na mwenye IST, Raum ya pili au Vitz yenye injini ya NZ, injini yako ina cheni. Ukiambiwa taimingi belti yako imeisha, funga boneti uondoke.

Shokapu used? Ndani kuna oili, gesi na sili ya mpira. Sili ina umri uleule tulioukokotoa kwenye bushi, na ile "bado nzito" unayoisikia ukiisukuma kwa mkono haielezi itafanya nini ikipigwa na rasta za barabarani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Tairi used? Soma herufi DOT ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata nene hailiondolei tairi uzee. Pedi za breki used sitaki hata kuzijadili. Hozi za breki used nazo ni hatari iliyojificha: huvimba ndani, tundu likaziba nusu, gari likavuta upande mmoja ukifunga breki, na wewe ukarudi kulipia alaimenti ya tatu.

Na kuna kitu cha OG ambacho watu wanakisahau kabisa kwa sababu hakina boksi wala nembo: mafuta ya breki. Nimeyaona yana rangi ya kahawa ya jana. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. Teremka mlima Kitonga ukiwa umejaza familia na mizigo, mguu muda wote kwenye breki, utaelewa tofauti ya namba hizo mbili pale pedali itakapozama hadi sakafuni. Na asitokee mtu wa kuongezea oili ya injini kwenye kikopo cha breki eti "isaidie kufika": sili zote za mfumo zitavimba, na utazibadilisha zote.

Sasa upande wa pili, kwa sababu kosa linakwenda pande zote. Mtu huyohuyo anayeng'ang'ania mpira wa mwaka 1999 ndiye anayekubali fundi atupe altaneta ya Denso iliyokuja na gari, aweke ya bei poa isiyo na jina, kisa haichaji. Altaneta hiyo ilihitaji kaboni na beringi. Stata ya OG aghalabu inahitaji vikonteki vyake viwili vya shaba. Kalipa ya breki inahitaji sili mpya, na pistoni ibadilishwe kama ina kutu. Sindano za petroli zioshwe zipimwe kwanza. Mwili wa chuma ulioundwa na kiwanda husika ni mali. Usiutoe ndani ya gari kwa sababu ya kipande cha ndani kinachouzwa peke yake. Nikifika gereji nikakuta OG ya chuma kwenye pipa la takataka na OG ya mpira bado ndani ya gari, najua nimefika kwa fundi wa namna gani.

Basi, la kufanya, na nitakwenda haraka. Gari lina zaidi ya miaka 15 na hujui historia yake: anza na vinavyoua watu, yaani hozi za breki, mafuta ya breki, boli jointi na tairodi, matairi kwa tarehe. Fuata vinavyoua injini: taimingi belti pamoja na pampu ya maji, tenshona na sili za mbele kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kazi ya kufika pale ni ileile, hozi za radieta za juu na chini pamoja na zile fupi za hita zinazosahaulika, mfuniko wa radieta, ambao ni wa bei ndogo na ndio unaoshikilia presha, na coolant halisi, maana maji ya bomba yanaozesha ndani. Radieta yenyewe itazame kwenye tenki la plastiki la juu: kama nyeusi imegeuka kahawia na ina nyufa nyembamba karibu na mkunjo wa chuma, usisubiri. Vinavyokera tu, kama bushi, mauntingi za injini na shokapu, vifanye mkoba ukiruhusu, lakini kwa jozi, kushoto na kulia. Kila kilicho cha mpira nunua kipya. Boksi la Toyota likikushinda bei, mnunulie yule anayewauzia Toyota: Aisin kwa pampu ya maji, KYB kwa shokapu, Denso kwa vya umeme, NGK kwa plagi, Koyo au NSK kwa beringi. Kwa boli jointi 555 ya Sankei inatosha kabisa. Kwa mikanda, Mitsuboshi, Bando au Gates. Yote haya yana feki zake, kwa hiyo nunua duka lenye risiti na linalokubali kurudishiwa. Nenda na namba ya spea uliyoitoa kwa namba ya chesisi. "Nipe ya Carina" si namba ya spea. Kama mpya halisi haipatikani, mpya ya Kichina ya jina linalofahamika bado inaushinda mpira wa miaka 20, ilimradi ikazwe gari likiwa chini. Na kama jumla ya orodha inazidi nusu ya bei ya gari, usikate tamaa wala usifanye yote mwezi mmoja. Fanya kundi la kwanza, mengine yangoje.

Used nunua hivi: milango, vioo, taa, viti, rimu za chuma, difu, gia za mkono ukiweza kuzifungua na kuzitazama, injini kamili kwa masharti. Injini kamili ukishainunua, kabla haijaingia kwenye gari, ivue taimingi belti, pampu na sili zake, weka mpya ikiwa bado iko sakafuni. Kuna watu hununua injini nzima kwa mamilioni, wakafunga na mkanda uliokuja nayo kwa sababu "ni wa OG". Sina la kuongeza.

Imebaki spea moja ya OG ambayo hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza, na ndiyo ningependa mniulize. Ni airbag. Kampuni ya Takata ya Japani iliwauzia watengenezaji wengi, Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na BMW wakiwemo, vifaa vya kujazia airbag vilivyotumia kemikali ya amoniamu naitreti. Kemikali hiyo, ikikaa miaka mingi kwenye joto linalopanda na kushuka pamoja na unyevu, huharibika, na siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kasha la chuma likapasuka na vipande vikarushwa usoni kwa dereva. Watu wamekufa kwa ajali ambazo wangetoka nazo na michubuko. Marekani peke yake vifaa vipatavyo milioni 67 viliitwa virudishwe, mwito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, na Takata ikaomba kufilisika mwaka 2017. Maeneo yaliyopewa kipaumbele kule yalikuwa yale yenye joto na unyevu mwingi kama Florida. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa mnajua hali ya hewa yenu.

Magari mengi yaliyoathirika ni ya miaka ya 2000, yaani hayahaya tuliyoyanunua kwenye minada ya Japani, na mwito ulipotolewa kule mengine yalikuwa yameshavuka bahari. Namba ya chesisi iko kwenye kadi ya gari lako. Iingize kwenye ukurasa wa mwito wa kampuni iliyounda gari. Wa Toyota Japani uko kwa Kijapani, lakini kivinjari cha simu kinautafsiri. Likionekana limo, nenda kwa wakala wa kampuni hiyo nchini na namba hiyo mkononi, na ukumbuke kwamba gharama za mwito ni za mtengenezaji. Mpaka litakapotengenezwa, usimkalishe mtu kwenye kiti ambacho airbag yake imetajwa kama kuna kiti kingine. Na stelingi yenye airbag iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, hata iwe OG ya namna gani, msiinunue.